Joto la Bata Katika Nchi ya Dagaa

Mwezi wa Julai mwaka jana mpwa wangu, ambaye kwa miaka sita sasa hujipatia riziki yake kwa kutembeza watalii huko Arusha, alifika Ujiji kunijulia hali kabla ya kwenda milima ya Mahale, na baada ya kula na kunywa na kuulizana habari za walio hai na za waliotutangulia, alifungua shanta lake akatoa kifurushi kisichozidi ukubwa wa papai, akalegeza kamba yake, nacho kikafumuka mbele ya macho yetu mpaka kikaenea mkeka mzima, cha rangi ya buluu, kimeshonwa mapande mapande kama godoro la mtoto wa mfalme, chepesi hata upepo wa mlangoni ukakisogeza.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya khatibu, "huu ni mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata bukini. Gramu 720 tu. Unahimili nyuzi saba chini ya sifuri."

Nilimwuliza ni nani, kutoka hapa Ujiji mpaka Mahale, aliyewahi kukutana na hiyo sifuri, seuze hizo saba zilizo chini yake. Alinitazama kwa huruma, kama vijana wanavyowatazama wazee walioshindwa na simu, akaniambia kwamba watu wote wajuao kutembea duniani wamekwisha kuafikiana juu ya jambo hili, na kwamba halina tena mjadala.

Maadamu halina mjadala, ndiyo sababu naandika.

Kwa insafu nitaieleza kwanza itikadi hiyo kama wenyewe wanavyoieleza, tena katika sura yake iliyo bora, maana hakuna ushujaa katika kumpiga mtu uliyekwisha kumfunga kamba. Wasema kwamba msafiri wa miguu ana vitu vitatu vikubwa mgongoni, navyo ni shanta lenyewe, hema, na mfuko wa kulalia, au slipingi begi kama waitavyo vijana wa Arusha. Na mwenye kutaka kupunguza mzigo apunguze hapo, asipoteze wakati wake kukata mpini wa mswaki. Wasema kwamba hakuna kitu kijazwacho katika nguo kinachotoa joto jingi kwa uzani mdogo kuliko yale manyoya laini yaliyo chini ya kifua cha bata bukini, kwa kuwa kila kishada chake hutanua nyuzi nyembamba zisizohesabika, nazo huizuia hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi la kweli. Ubora wake hupimwa kwa mfumuko: wakia moja ya manyoya duni hujaza inchi za ujazo 500 au 600, ya manyoya mazuri hujaza 800, na yapo yapitayo 900. Joto la mfuko hupimwa katika maabara na kuandikwa kwenye lebo. Bei yake ni kali, dola 400 hadi 600 kwa mfuko mwepesi ulio mzuri, walakini utadumu miaka ishirini, kwa hiyo ghali ni rahisi. Na nasaba wanayo: George Finch alipanda Everest mwaka 1922 amevaa koti alilolibuni mwenyewe kwa kitambaa cha puto na manyoya ya bata, wenzake wakamcheka mpaka baridi ilipowanyamazisha, na mwaka 1992 Ray Jardine wa Marekani alitoa kitabu kilichowafundisha watembeaji kupunguza uzani wa kila kitu, kikawa kama msahafu wa madhehebu mapya. Kutokana na hayo yote wameitunga kalima yao, kwamba atakaye kusafiri kwa miguu, popote pale, na aanze kwa kununua mfuko wa manyoya ulio mwepesi kuliko yote ambayo mfuko wake mwingine, ule wa fedha, waweza kuulipia.

Sibishani na bata. Namjua, namfuga, na usiku wa mvua hulala nje bila ya kuniomba kitu. Ninaobishana nao ni wale waliomchuna.

Kwanza: uzani, na kichwa kinachoubeba

Ujiji si mahali pa kumfundisha mtu habari za mizigo. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapa hapa mwaka 1871, walifuata njia iliyokwisha kulainishwa na nyayo za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotoka pwani hata ziwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, kila mtu na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32, kichwani au begani. Na juu ya mzigo huo wa tajiri mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Usiku walilala ndani ya boma la miiba, miguu ikielekea motoni. Wageni wa Kizungu waliofuatana nao walikuja na vitanda na meza na viti, na katika hayo yote sikusikia kwamba kitanda kiliwahi kumlemea mwenyewe, kwa sababu iliyo dhahiri, kwamba mwenyewe hakukibeba.

Mambo hayo hayajabadilika sana kama tudhanivyo. Katika Kilimanjaro kanuni yataka mpagazi asitwikwe zaidi ya kilo 20, na mgeni, akiwa na chupa ya maji na miwani ya jua, hupanda mbele akihema. Mgeni huyo alitoa dola 500 huko kwao ili apunguze nusu kilo katika mfuko wake wa kulalia, na nusu kilo hiyo kweli ilipungua, walakini haikupungua mgongoni mwake. Ilipungua kichwani mwa mtu mwingine, ambaye hakuna aliyemwuliza kama angependa kupokea hizo dola 500 mkononi na kuubeba mfuko ule mzito.

Mpwa wangu alijibu kwamba safari ya Mahale atabeba mwenyewe. Vema. Nilimchukua mpaka kwa jirani yangu mwenye mizani ya kupimia dagaa, tukalitundika shanta lote, likawa kilo 17 na robo. Tukatoa kitu kimoja kimoja. Kamera na lenzi zake ilikuwa kilo mbili na gramu 300. Betri za akiba za simu, mbili, zilikuwa gramu 900. Palikuwa na jiko la gesi na mitungi yake, na birika ya chuma ya kahawa, na viatu vya pili, na vya tatu. Palikuwa na lita tatu za maji, yaani kilo tatu kamili, alizozitia huku amesimama kando ya ziwa lenye karibu sehemu moja kati ya sita ya maji matamu yote ya dunia yasiyoganda. Mwisho tukatundika blanketi langu la sufu, nililolinunua katika mitumba ya Mwanga, likawa kilo moja na gramu 600. Tofauti kati ya blanketi na mfuko ni gramu 880, ambazo hazifiki lita moja ya yale maji. Jirani yangu, mtu asiye na maneno mengi, aliitazama birika, akamtazama mpwa wangu, akarudi kwenye dagaa wake.

Pili: baridi iliyoagizwa kutoka nje

Mfuko wa kulalia ni jawabu, na jawabu halina maana ila kwa swali lake. Swali la Alaska ni moja na swali la Kigoma ni jingine. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu hubaki katika nyuzi kama 24 hata wakati wa pepo za kiangazi. Ni chungu cha urefu wa kilomita 670 na zaidi kinachokaa na joto usiku kucha ubavuni mwa kila mtu alalaye ufukoni. Kilele cha Nkungwe, kilicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Mahale, kina mita 2,462. Toa ziwa, zinabaki mita 1,689 za kupanda. Kila mita 1,000 hupunguza joto nyuzi sita au sita na nusu, basi kutoka ufukoni hadi kileleni hupungua nyuzi kumi au kumi na moja. Na ikiwa usiku wa Julai ufukoni ni nyuzi 17, kileleni zinabaki sita, na hapo nimempa baridi haki yake yote, kwa kuwa watu hulala chini ya kilele wala si juu yake.

Sita juu ya sifuri, na mfuko ni wa saba chini ya sifuri. Nyuzi kumi na tatu zilizo katikati mpwa wangu alizilipia, akazibeba, akapanda nazo mlima, akashuka nazo. Hazikutumika.

Laiti zingekaa tu bila kutumika. Joto lisilotakiwa halikai kimya kama fedha ya benki. Nimewaona kwa macho yangu, katika kambi moja ya ufukoni huko kusini, wageni watatu wenye mifuko ya thamani kuliko mtumbwi na nyavu zake: saa nne ya usiku walikuwa wamejifunga mpaka kidevuni, saa tano wamefungua zipu mpaka kiunoni, saa sita wamelala juu ya mifuko wakiwa na nguo za ndani tu, na saa saba mbu walikuwa wamekwisha kupeana habari. Chandarua, ambacho ndicho kitu cha kwanza anachokihitaji alalaye kando ya ziwa hili, walikuwa wamekiacha Kigoma. Walikiacha kwa ajili ya kupunguza uzani.

Tatu: mtu wa bandia

Wakishindwa hapo hukimbilia kwenye lebo, wakisema kwamba nambari zimepimwa, na mwenye kubishana na kipimo ni jahili. Basi na tuulize kipimo hicho hupima nini. Katika kanuni iliyowekwa Ulaya na kufanywa ya kimataifa mwaka 2016, hulazwa ndani ya mfuko sanamu ya umbo la binadamu inayopashwa moto kwa umeme, imevikwa nguo, juu ya godoro, katika chumba cha baridi kisichokuwa na upepo. Na kutokana na umeme inaoutumia hupatikana nambari tatu. Moja ni ya raha, iliyokadiriwa kwa mwanamke wa wastani. Ya pili ni ya mpaka, ya mwanamume wa wastani aliyejikunja asitetemeke. Ya tatu ni ya hatari, ya kusalimika roho na si zaidi. Mfanyabiashara mwerevu huandika kwa herufi kubwa nambari ya pili, na mara nyingine jina zima la mfuko hutokana nayo, kisha raha huiandika ndani, karibu na maelezo ya kufulia.

Sanamu hiyo haitoki jasho lililosababishwa na mlima. Haikulowa mvua ya Machi. Haikula ugali wa muhogo na mgebuka saa mbili za usiku, jambo ambalo lina joto lake, wala haikulala na njaa, jambo ambalo lina baridi yake. Hata ule mfumuko wa inchi 800 hupimwa kwa manyoya yaliyokwisha kuandaliwa na kuchangamshwa, ndani ya chumba ambacho unyevu wa hewa yake umesawazishwa. Natamani wangekipima kipimo hicho mara moja tu katika chumba changu cha uani, Aprili.

Nne: maji

Nimefika penye moyo wa jambo, na hapa naomba nisiharakishwe.

Kisifiwacho katika manyoya ni hewa iliyo ndani yake. Yakilowa, zile nyuzi nyembamba hushikamana, vishada huwa vifundo, hewa hutoka, na kitu kilichokuwa mto wa mfalme huwa vitambaa viwili vyenye ujiuji katikati. Watetezi wa manyoya wanalijua hilo, hulitaja kwa sauti ya chini, kama mtu ataja deni la baba yake, kisha husema "basi usiulowanishe." Nasaha hiyo yafaa sana kwa jangwani. Sisi tunakaa mahali ambapo mvua huanza Oktoba na kuishia Mei. Ambapo barabara iendayo vijiji vingi vya pwani ya ziwa ni ziwa lenyewe. Ambapo mizigo hutupwa ndani ya boti, na chini ya mizigo kuna mbao, na chini ya mbao kuna maji ya ngama, ambayo kijana mmoja huyakumba kwa dumu lililokatwa kutoka safari inapoanza mpaka safari inapokwisha. Kumwambia msafiri wa Ziwa Tanganyika asilowanishe kitu chake ni kama kumwambia mpika chapati asiguse unga.

Mpwa wangu alirudi kutoka Mahale siku ya tisa. Kusi ilikuwa imevuma tangu alfajiri, mawimbi yaliingia kwa ubavu, shanta lake lilikuwa chini kabisa kwa sababu lilikuwa jepesi na mizigo mizito ya watu ilipenda kulikalia. Alikuwa na mfuko wa nailoni wa kukinga maji. Zipu ya mfuko huo ilikuwa imekatika siku ya tatu. Alipoutoa mfuko wa kulalia barazani kwangu ulitoa harufu ya dizeli na samaki, na ule uzani wa gramu 720 uliokuwa fahari yake ulikuwa umekwisha kuwa hekaya, kwa maana tuliushika watu wawili, na maji yalichuruzika mpaka kwenye ngazi. Aliuinua juu ya mwanga. Ndani ya kila pande manyoya yote yalikuwa yameteremka na kukusanyika kwenye mshono wa chini, madonge madonge, kama ugali uliomwagiwa maji.

Ua wangu una kivuli cha mwembe kutwa, hivyo tukaupeleka Katonga kwa shemeji yangu, ambako kuna mchanga na jua, tukautandaza pembeni mwa dagaa. Siku ya kwanza ulikauka nje ukabaki mbichi ndani. Siku ya pili alikaa mpwa wangu mwenyewe, mtu aliyewapandisha watu Uhuru mita 5,895, amepiga magoti mchangani akiyafikicha madonge kwa vidole moja baada ya moja, kama mama amchambuaye mtoto chawa, na kwenye tundu dogo lililofanywa na msumari wa boti manyoya yakaanza kutoka na kupeperuka juu ya dagaa za watu. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake aliinuka, mkono kiunoni.

"Baba," alimwuliza kwa upole kabisa, "huyo kuku mnamnyonyoa tangu jana, mtamla lini?"

Siku ya tatu ulikauka. Umekauka, ila mfumuko wake haukurudi zaidi ya nusu, na harufu ya dagaa imekaa ndani yake pasipo dalili ya kuhama. Na katika hizo siku tatu, kwenye ufuko huo huo, wavuvi walikuwa wakirudi kila asubuhi baada ya kukesha majini kwa taa zao, wamelowa, wamevaa masweta ya sufu na makoti ya mitumba yaliyofumwa kwa nyuzi za plastiki, wakiyavua, wakiyakamua kwa mikono miwili, wakiyatundika juu ya wavu, na ikifika jioni wakiyavaa tena. Hakuna aliyewaandikia lebo.

Niongeze neno moja ambalo si la lazima. Sisi tunao mti uitwao msufi, na ndani ya maganda yake mna sufi, nyepesi kama pumzi, isiyopenda maji hata kidogo. Ndiyo waliyojazia maboya ya kujiokolea mabaharia wa mataifa makubwa kabla ya kuja kwa povu la viwandani. Bibi zetu wameijaza katika mito na magodoro. Sisemi kwamba inamshinda bata bukini katika wakia kwa wakia, haimshindi. Ninastaajabu tu kwamba kijana aliyezaliwa kwenye mto wa sufi aliposikia neno wepesi, fikira yake ilipita juu ya paa la nyumba yao ikaenda kutua juu ya bata wa nchi za theluji.

Tano: wamerudi walikotoka

Hapa pana kichekesho ambacho lau ningekibuni mwenyewe mngesema nimetia chumvi. Wale wale walio wakereketwa wa uzani, baada ya miaka ya kupima na kukata, wamegundua kwamba manyoya yaliyo chini ya mlalaji hugandamizwa na mwili wake, hewa yake hutoka, na kwa hiyo hayatoi joto; baridi ya ardhini huzuiwa na kile kilichotandikwa chini. Basi wakaondoa sehemu ya chini. Kisha wakaona zipu ni nzito, wakaiondoa. Kisha kofia, wakaiondoa. Kikabaki kitambaa chenye pembe nne, au karibu ya nne, ambacho mtu hujifunika nacho huku amelala juu ya godoro jembamba. Wamekipa jina zuri na bei nzuri. Dada yangu, mama wa huyu kijana, alipoelezwa jambo hili alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hilo si blanketi na mkeka?"

Ni blanketi na mkeka. Mwaka 1955 mwanamke wa Marekani aitwaye Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, mama wa watoto kumi na mmoja, alitembea peke yake Njia ya Appalachia yote, zaidi ya kilomita 3,000 za milima, akiwa na mfuko wa begani alioushona mwenyewe, blanketi la jeshi, na pazia la plastiki la bafuni la kumkinga na mvua. Hakuwa na mfuko wa kulalia. Alirudia njia hiyo mwaka 1957, kisha akaimaliza mara ya tatu akiwa amepita miaka sabini na mitano. Wenye madhehebu humsifu sana katika vitabu vyao, na baada ya kumsifu, ukurasa unaofuata, huorodhesha mifuko ya dola 500. Mtu aliyetembea bila ya bidhaa yao amefanywa walii wa kuiuzia.

Sita: miaka ishirini

Utadumu miaka ishirini, husema, kwa sharti usiuweke umekunjwa, bali uutundike ndani ya gunia kubwa la pamba mahali pakavu. Uufue kwa sabuni maalumu. Uukaushe ndani ya mashine ya kukaushia kwa moto mdogo, saa nyingi, pamoja na mipira ya tenisi ya kuyapiga madonge. Naomba mwenye mashine hiyo Ujiji ajitokeze. Mahali pakavu napo, Machi, natamani kupaona. Panya hawajaulizwa. Na ile dawa ya kuyafanya manyoya yasilowe haraka, ambayo hutangazwa kuwa ndiyo dawa ya aibu yote niliyoieleza hapo juu, kwa miaka mingi mara nyingi ilitokana na kemikali za florini, ambazo hazifi, huteremka na maji ya kufulia mpaka mitoni. Tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470 ambalo maji yake hukaa karne kwa karne, sioni haja ya kulikabidhi amana ya namna hiyo.

Bata mwenyewe nimemwacha nyuma, kama wanavyomwacha wote. Mwaka 2014 ilitolewa hati ya kuthibitisha kwamba manyoya hayakunyonyolewa kwa ndege aliye hai. Na hati haiwekwi mahali ambapo hapakuwa na shaka.

Watasema, na Kilimanjaro je? Katika kambi ya Barafu au ya Kibo, karibu mita 4,700, usiku chini ya sifuri, utampeleka mtu na blanketi la mitumba? Simpeleki. Huko mfuko mzito wa joto una swali lake, na Moshi na Arusha upo wa kukodi kwa siku chache, pasipo miaka ishirini ya kuutundika katika gunia. Nililolikataa ni kwamba usiku tano za Kibo ziwe hakimu wa usiku wa Kigoma, wa Tanga na wa Lindi; na kwamba kijana wa Ujiji, akitaka kwenda kuona milima iliyo ng'ambo ya kijiji cha bibi yake, aambiwe asubiri kwanza mpaka apate mshahara wa miezi mitatu ya kununulia bata.

Mwezi wa Agosti mpwa wangu alikwenda Mahale tena, na wageni wawili. Mfuko wa buluu aliuacha kwangu, umetundikwa nyuma ya mlango, na paka hushinda chini yake siku nzima ameinua pua. Yeye alichukua mkeka wa mama yake, chandarua, na blanketi langu la sufu, akaniahidi kulirudisha. Waliteremka salama, akapandia gari moja kwa moja kurudi Arusha. Mwezi wa Septemba nilimpigia simu kuuliza habari za blanketi.

"Mjomba," alinijibu, "huku Arusha kuna baridi."